Peugeot 404 pikapu yenye 1UZ: mipira ya rejeta ipite wapi kabla sijanunua kitu?

Spana13
Wakuu, salaam. Kazi iko hivi: Peugeot 404 pikapu, stelingi kulia, inageuzwa hotirodi (gari la zamani lenye injini kubwa). Injini ni Toyota 1UZ-FE, V8 ya lita 4, na gia otomatiki yake. Injini na gia vimeshakaa kwenye maunti za kudumu, zimechomelewa kabisa. Rejeta sijanunua. Vipimo nilivyo navyo:

Puli ya mbele hadi bati la grili: mm 195.
Nafasi ya upana mbele: mm 610.
Krosimemba (boriti ya chesisi inayokatiza chini mbele) hadi chini ya boneti pale rejeta itakaposimama: mm 440.
Mdomo wa juu wa maji kwenye injini utakuwa mm 35 juu ya kichwa cha rejeta, maana boneti inashuka kwenda mbele.
Eksozi ya kulia iko mm 40 kutoka shafti ya stelingi.

Kisekka, soko la vipuri Kampala, wananiambia nunua rejeta yoyote, mipira haikosi. Mimi nataka kupanga njia ya mipira kwanza, rejeta ifuate. Niko sawa? Na hiyo mm 35 itanisumbua?

Mama_Torki
Uko sawa, ssebo (bwana). Mpira ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote hapo mbele, lakini ndio unaoamua midomo ya rejeta iwe upande gani. Ukinunua rejeta kwanza utaishia na mpira uliopindwa kama mkia wa mbuzi.

Anza na unene. Rejeta ya alumini yenye matangi yake weka mm 60. Feni ya umeme pamoja na kasha lake mm 75. Kati ya mota ya feni na puli acha mm 20, kwa sababu injini huruka mbele kidogo ukifunga breki kwa nguvu. Jumla mm 155. Unabaki na mm 40 mbele ya rejeta, zinatosha kondensa nyembamba ya AC au vibano tu. Feni ya kuzungushwa na injini isahau, haina nafasi.

Kwa kuwa una upana wa 610 na kimo cha 440, chukua rejeta ya maji kupita kwa ubavu, matangi kushoto na kulia. Maji ya moto yaingie juu upande mmoja, yatoke chini upande wa pili. Usikubali midomo yote miwili upande mmoja isipokuwa tangi hilo lina ukuta katikati unaolazimisha maji yaende na kurudi. Bila ukuta huo maji yanaingia juu, yanateremka ndani ya tangi hilohilo na kutoka chini, na nusu ya rejeta inabaki baridi ukiishika kwa mkono.

Upande upi? Usiamue kwa macho. Fanya hivi:

Tengeneza rejeta ya mbao: fremu ya mm 60 unene, upana na kimo kile utakachonunua. Ifunge mahali pake, feni na kasha vikiwa vimeshikizwa. Chukua waya laini wa mm 4, upinde kutoka mdomo wa injini hadi kwenye mbao. Kisha kata visahani vya kadibodi vyenye kipenyo cha mm 50, toboa katikati, vivike kwenye waya kila baada ya mm 80. Mpira wa ndani mm 38 una nje ya mm 48 hivi, kwa hiyo visahani hivyo ndivyo mpira wenyewe. Mahali kisahani kinapogusa feni, mkanda au stelingi, mpira utagusa. Watu wengi hupinda waya mtupu, waya unapita vizuri, mpira unakataa.

Funga boneti huku waya uko ndani. Hii hatua hurukwa sana.

GiaTano
Niongeze: pima midomo kwa kalipa, si kwa macho wala kwa mpira wa zamani. Mpira uliozeeka umetanuka. Pima nje ya mdomo nyuma ya ukingo ulioinuka, si juu ya ukingo. Kama injini ina 36 na rejeta ina 38, mpira mmoja utakubali zote mbili. Kama tofauti inazidi mm 3, tumia mpira wa kupunguza, usikaze klipu hadi mpira ukunje. Mkunjo ukishaingia chini ya klipu, hapo patavuja tu.

MtuWaKatwe
Nafasi iliyobana kama hiyo, mpira mmoja mrefu wenye kona tatu huupati. Njia safi ni bomba gumu katikati na vipande vifupi vya mpira kila mwisho. Hapa Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma Kampala, tunachomelea hivyo kila siku, ila watu wanakosea mambo matatu.

La kwanza, bomba. Wanaleta bomba la maji la nyumba, lile lenye zinki. Usitumie. Zinki na kulanti (dawa ya maji ya kupozea) ya glaikoli havipatani: zinki inamomonyoka, inafanya tope, tope linakwenda kuziba mirija ya rejeta. Tena ukilichomelea, moshi wake unamlaza fundi kwa homa. Na vipimo havilingani: la inchi 1¼ lina nje ya mm 42.4, la inchi 1 lina 33.7. Wewe unataka 38. Chukua chuma kisichoshika kutu cha mm 38 nje, unene 1.5, kona zake zile zilizopindwa kwa mashine, zinazouzwa kwa kazi ya eksozi. Kona zilizojazwa mchanga na kupashwa moto hupungua kipenyo katikati.

La pili, ukingo. Bomba laini lisilo na ukingo ulioinuka mwishoni, mpira utachomoka siku moto ukipanda, hata klipu iwe mpya. Zungusha waya wa mm 2 wa chuma hichohicho mm 5 kutoka mwisho, uchomelee pote, kisha lainisha kwa faili hadi kidole kisikwaruze. Ncha moja ya welding ikibaki inakata mpira kwa ndani na huoni kitu kwa nje.

La tatu, kufunga bomba. Lifunge kwenye injini AU kwenye chesisi. Kamwe si kote kuwili. Injini inatikisika, chesisi haitikisiki, bomba lililoshikwa pande zote litapasuka kwenye welding au kung'oa mdomo wa rejeta. Mdomo wa alumini ukivunjika hapo ni rejeta nzima.

Mama_Torki
@MtuWaKatwe hapo kwenye tatu ndipo penyewe. V8 ikiminywa gesi inalalia upande mmoja, mdomo wake wa juu unaweza kusogea mm 20 hadi 25 ikiwa maunti ni za mpira. Jaribu kwa mkono: chomeka nondo, sukuma injini kushoto na kulia, pima mdomo unakwenda wapi. Kiasi hicho lazima kimezwe na mpira, si na rejeta.

Kwa hiyo kila kiungo: mpira uingie mm 30 kwenye bomba, klipu ikae nyuma ya ukingo na mm 5 kutoka mwisho wa mpira. Kati ya ncha mbili ngumu acha wazi mm 25 hadi 50. Chini ya hapo mpira hauna pa kupindia, unavuta mdomo. Zaidi ya hapo, kipande kilichonyooka kinavimba na kulegea kikipata moto. Na angalau kiungo kimoja kiwe na kona ya nyuzi 45 au 90, maana kona hupokea mwendo kwa urahisi kuliko kipande kilichonyooka.

KijiVolti
Hakuna aliyejibu mm 35, na ndiyo hatari kubwa kuliko zote kwenye uzi huu.

Kichwa cha rejeta kikiwa chini ya injini, ukijaza maji kwenye kifuniko cha rejeta unajaza rejeta tu. Hewa inabaki juu ya injini, karibu na silinda hedi. Rejeta imejaa hadi shingoni, sindano ya moto iko chini kwa sababu sensa imekaa kwenye hewa, na hedi inapikwa. Ukiona sindano inapanda ghafla halafu inaanguka ghafla, hiyo ni hewa inayopita kwenye sensa.

Dawa si kuinamisha mpira. Dawa ni tangi la juu. Liweke kwenye bati linalotenganisha injini na kabini, pale boneti iko juu. Chini ya tangi kuwe juu kuliko sehemu yoyote ya maji kwenye injini. Ujazo lita 2, jaza nusu. Mfumo wako wote utameza lita 10 hadi 12, na maji yanapopanda kutoka baridi hadi karibu nyuzi 100 huongezeka zaidi ya asilimia 4, yaani nusu lita hivi. Lita moja ya hewa inatosha kulipokea.

Mabomba ya tangi:
Chini ya tangi, mpira wa mm 19 kwenda kwenye bomba la hita linalorudi upande wa pampu. Huo ndio unaojaza na kuipa pampu shinikizo.
Juu ya tangi, mirija miwili ya mm 6 hadi 8: mmoja kutoka juu kabisa ya tangi la rejeta, mwingine kutoka juu kabisa ya injini. Hiyo inapanda mfululizo bila kushuka. Ikishuka mara moja na kupanda tena, hewa itajifungia kwenye tumbo hilo.

Kifuniko cha presha ni kimoja tu, kwenye tangi. Rejeta inunue isiyo na shingo, au izibe kwa kifuniko kisichofunguka. Ukiacha viwili, kile dhaifu ndicho kitakachoamua.

Spana13
Asanteni sana. Maswali mawili. Kifuniko cha presha ngapi kwa hapa kwetu? Na fundi mmoja anasema nitoe thermostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto, Uganda si nchi ya baridi, na nitaokoa kona moja ya mpira.

Moshi_Mweupe
Banange, hilo la thermostati tulizike leo.

Kwenye 1UZ thermostati iko upande wa maji KUINGIA kwenye injini, si juu upande wa kutoka kama Chevrolet V8 ndogo za zamani. Ina kazi mbili. Ikifunguka, sahani yake ya nyuma hufunga njia ya mkato inayorudisha maji ya moto kwenye pampu bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini tu, haionji rejeta. Kwa hiyo asubuhi injini inachelewa kupata moto, na kwenye foleni ya Jinja Road inachemka. Fundi anaona inachemka, anasema rejeta ndogo.

Weka ya nyuzi 82. Ile valvu ndogo inayocheza ielekee juu kabisa, ili hewa ipite. Kuijaribu: itundike kwa uzi kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na kufikia 95 iwe imeinuka mm 8 au zaidi. Tahadhari moja ambayo kitabu cha Japani hakikuambii: Kampala iko mita 1,200 hivi, maji ya sufuria yanachemka kwenye 96. Kabale, karibu mita 2,000, yanachemka kabla ya 94, hiyo 95 hutaifikia kamwe. Ukiwa huko tazama mwanzo wa kufunguka tu.

Hapohapo kuna jibu la kifuniko. Cha bar 0.9 kinatosha. Hewa ya Kampala ni bar 0.88 hivi, ukijumlisha unapata karibu 1.78, na maji matupu hapo hayachemki mpaka 116. Kabale unapoteza nyuzi moja au mbili tu. Kifuniko kikivuja ndipo mlima unakumaliza: unarudi 93. Usipande bar 1.3 kwa kudhani unasaidia, unaitafutia mipira na hita ya zamani sababu ya kupasuka.

GiaTano
Na mpira wa chini? Waweke springi ndani usifyonzwe?

Moshi_Mweupe
Inategemea thermostati iko wapi. Injini yenye thermostati juu, mpira wa chini umekaa moja kwa moja kwenye mdomo wa pampu inayofyonza. Ukikanyaga hadi 4,000 na rejeta imeziba kidogo, mpira laini unabanana kama mrija wa soda. Kwenye 1UZ ufyonzaji mkubwa uko baada ya thermostati, mpira wenyewe unapata nafuu. Mpira mpya wa kufinyangwa wenye nyuzi ndani, springi si lazima. Ukitumia kipande kirefu kilichonyooka, weka, lakini iwe ya chuma kisichoshika kutu. Springi ya chuma cha kawaida inakatika ndani na vipande vinakwenda kwenye pampu. Pampu ya injini hii inaendeshwa na mkanda wa taiming. Ikikwama, mkanda nao unakwenda.

Kuangalia: mtu akanyage gesi injini ikiwa moto, wewe tazama mpira wa chini kwa tochi, mikono mbali na feni. Ukibonyea, tafuta rejeta iliyoziba au kifuniko kisichoshika presha, ndipo uulaumu mpira.

Boneti_Wazi
Kwa nini asinunue tu ile mipira ya mikunjo-mikunjo inayopinda kila upande? Au silikoni, inapendeza kwenye hotirodi.

Mama_Torki
Ile ya mikunjo ni ya kupimia, si ya kuendeshea. Mikunjo inazuia maji, na inapasuka kwenye bonde la mkunjo kwa sababu mpira hapo ni mwembamba na ndipo unapojipinda.

Silikoni inastahimili moto vizuri, sikatai. Lakini ina masharti. Inataka klipu zenye mkanda laini ndani. Klipu ya kawaida ya matundu inaikata kama kisu kwenye muhogo. Inapitisha mvuke kidogo kupitia ukuta wake, utakuwa unaongeza maji kila baada ya muda na kutafuta mvujo usiokuwepo. Na oili inaiharibu. Mpira mweusi wa EPDM nao hauipendi oili, kwa hiyo kama kifuniko cha valvu kinavuja juu ya mpira, tengeneza kile kwanza. Mpira uliolowa oili unavimba na kuwa laini kama embe lililoiva sana.

Kwa bei na upatikanaji, mimi ningechukua EPDM ya kufinyangwa. Nenda Kisekka na ule waya wako wenye visahani. Usimwambie muuzaji jina la gari, mwonyeshe waya. Mpira wa dizeli ya lori ndogo unaweza kuwa na kona mbili unazotaka kabisa. Kata kipande chenye kona, tupa kilichobaki. Angalia tu mwisho uliokatwa: nyuzi zionekane katikati ya ukuta, na ukuta uwe mm 4.5 hadi 5 pande zote. Ukuta mwembamba upande mmoja, rudisha.

MtuWaKatwe
Klipu pia. Kwa mm 38 kaza hadi Nm 4 hivi, yaani bisibisi ya kawaida kwa nguvu ya mkono mmoja. Mpira ukianza kutokeza kwenye matundu umeshapita. Kichwa cha skrubu kielekee mahali bisibisi itafika gari likiwa limekamilika, si mahali inapofika leo bila boneti na bila betri.

KijiVolti
Spana, rudi kwenye mm 40 ya eksozi na stelingi. Usiingize mpira hapo. Upande wa kulia una stelingi, eksozi, na kwenye gari la stelingi kulia pia mabomba ya breki. Mpira wa chini upeleke kushoto hata kama njia inakuwa ndefu kwa mm 200. Urefu haudhuru, kona kali ndizo zinazodhuru. Kama mdomo wa injini unatazama kulia, bomba gumu lipite mbele ya injini chini ya puli, lishikwe kwenye injini kwa kibano chenye mpira, liwe na mm 20 kutoka kila mkanda. Kutoka feni mm 25. Kutoka eksozi mm 75, na ikishindikana weka bati la kukinga lenye nafasi ya hewa pande zote mbili. Kitambaa cha kuzungushia mpira peke yake kinachelewesha moto, hakiuzuii.

Sehemu ya chini kabisa ya bomba isishuke chini ya krosimemba. Matuta yetu hayasamehe.

Spana13
Mpango mpya basi: rejeta ya ubavu isiyo na shingo, upana 560, mdomo wa kuingia juu kulia na wa kutoka chini kushoto. Juu: kona ya 90 kwenye injini, bomba la mm 38, kona ya 45 kwenye rejeta. Chini: bomba gumu mbele ya injini, limeshikwa kwenye injini, kona ya 90 kila mwisho. Tangi la lita 2 kwenye bati la kabini. Thermostati inabaki. Viungo 4 vya mpira, klipu 8. Nimekosea wapi?

Mama_Torki
Upana wa 560 kwenye nafasi ya 610 unakuachia 25 kila upande. Mdomo wa rejeta ukitokea nyuma ya tangi, sawa. Ukitokea ubavuni, haiingii. Sema hivyo wakati wa kuagiza, na uombe midomo yenye ukingo.

Pia rejeta yenyewe ikae kwenye raba chini na juu, isikazwe kwa bolti moja kwa moja kwenye chesisi. Barabara ya murram itaitafuna kwenye welding za pembe.

KijiVolti
Hujasema ardhi ya umeme. Rejeta ya alumini juu ya raba, injini na waya mwembamba wa zamani wa ardhi: umeme wa starta utatafuta njia kupitia maji. Weka waya mnene kutoka injini hadi betri na mwingine hadi chesisi. Kisha chovya ncha chanya ya mita kwenye kulanti bila kugusa chuma, hasi kwenye hasi ya betri, washa taa, feni, piga starta. Ikizidi volti 0.1, tafuta ardhi mbovu au badilisha kulanti. Na iwe kulanti kweli, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke, si ya bomba.

Moshi_Mweupe
Kujaribu kabla ya kuwasha: jaza maji, funga pampu ya kupimia presha kwenye shingo ya tangi, panda hadi bar 0.9 injini ikiwa baridi, subiri dakika 15. Sindano isishuke. Pitisha karatasi kavu ya choo chini ya kila klipu. Tone dogo linaonekana kwenye karatasi kabla ya jicho. Usitumie kompresa ya gereji la matairi, inapita bar 1 kabla hujaondoa kidole.

Kutoa hewa: hita ifunguliwe moto kabisa, kifuniko cha tangi wazi, jaza polepole hadi nusu ya tangi. Washa, iache hadi mirija miwili ya juu iteme maji bila mapovu na mpira wa chini upate joto. Joto hilo ndilo ishara kwamba thermostati imefunguka. Hita ikipuliza baridi wakati injini ni moto, hewa bado imo. Zima, iache ipoe kabisa, ongeza, rudia.

MtuWaKatwe
Na baada ya hapo klipu zote 8 zikazwe tena zikiwa baridi. Mpira mpya hukaa ukishapata moto wa kwanza. Lakini hesabu yako si 8, ssebo. Mpira wa 19 wa tangi una 2, mirija ya hewa 4, na ukikata bomba la hita kuweka tawi ni 2 nyingine. Jumla 16. Nunua 18, ili mbili zikianguka kwenye mtaro usirudi mjini.